Nirig

Nirig kwa Kisomali ni ndama wa ngamia. Nyumbani kwetu lilikuwa pia jina la mtu anayesinzia mbele za watu, na mama yangu ndiye aliyelianzisha.

Alikulia upande wa Griftu. Kila asubuhi alimfungulia ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha akamvuta pembeni babu apate kukamua. Kulikuwa na ndama mmoja ambaye, akishavutwa, alimwegemea mama ubavuni na kusinzia hapo hapo akiwa amesimama, povu la maziwa bado mdomoni. Mama hakuthubutu kusogea asije akamwangusha. Tangu hapo kila msinziaji alikuwa nirig.

Mgeni akizidiwa na joto la Garissa, kidevu kikaangukia kifuani, mama alisema, "Mwacheni, nirig huyo," akamwekea mto. Mimi niliitwa hivyo kuliko wote. Nilikasirika. Mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, naitwa ndama!

Yule ndama alikufa wakati wa ukame. Babu alimchuna, akaikausha ngozi, na kila wakati wa kukamua mama aliishika mbele ya pua ya ngamia. Ngamia ananusa, maziwa yanashuka.

"Hooyo, kwani hakujua mtoto wake amekufa?" nilimuuliza mama siku moja.

"Alijua," akasema. "Angefanya nini?"

Mwaka huu, baada ya Idi, tulimzika mama. Sikulia. Nalisema wazi kwa sababu watu waliliona. Nilichemsha chai, nikaitikia amin, nikatoka nje kumwelekeza mwenye mkokoteni wa punda pa kuteremshia maji. Wenzangu walilia hadi sauti zikawakauka. Jirani mmoja alinisifu kwa subira. Haikuwa subira. Hakukuwa na kitu ndani, na hilo lilinitisha kuliko kifo chenyewe. Mama gani huzikwa bila chozi la mtoto wake?

Kabla matanga hayajaisha nilijifungia chumbani kwake, nikauchukua mtandio wake mkubwa na kujifunika uso. Ulinukia ubani na vitunguu vya kukaanga. Nilivuta pumzi, nikangoja. Wapi! Nilimwonea wivu yule ngamia. Nikaukunja mtandio, nikarudi kwenye chai.

Alasiri hiyo nilikaa mkekani na wanawake waliokuja kutoa pole, na usingizi ukanichukua nikiwa nimekaa. Nilipozinduka kidogo, mtu alikuwa ananisukumia mto ubavuni. Alikuwa mdogo wake mama, aliyefika kutoka Wajir mchana ule ule.

"Mwacheni," aliwanong'oneza wenzake. "Nirig huyo."

Ilikuwa sauti ya mama, na mkwaruzo wake ule ule mwishoni. Nilijua si yeye. Sikufumbua macho, na machozi yakashuka.