Masomo ya Simu Kutoka Mweso

Shule yetu ya Mweso ilipofungwa kwa sababu ya vita, familia zilizokimbia vijiji zililala katika darasa langu la sita, na mbao za madawati zikawa kuni. Sikuwalaumu. Lakini sikukubali mwaka uishe hivyo. Pamoja na mwalimu mwenzangu, mzee aliyefundisha hesabu kabla sijazaliwa, nilianza kurekodi masomo kwa simu na kuyatuma WhatsApp kwa wazazi waliotawanyika.

Mkaguzi wa shule alipopata habari, alituita. "Muache michezo ya telefone. Vita ikiisha, masomo itaanza."

"Papa," nilimjibu, "vita ikiisha, hawa watoto watakuwa na ndevu."

Alinikazia macho. Kesho yake tulituma somo lingine.

Muda si mrefu, tulipofika kwenye hesabu za sehemu, nusu na robo, akanipigia mama mmoja, mkulima wa Kibabi aliyekimbilia Kibua na binti yake, mwanafunzi wangu. "Mwalimu, munatuchanganya. Weye unasema namba ya juu. Ule mzee anasema numérateur. Mutoto anazani iko vitu viwili, anatafuta ya pili, haioni, analia. Iko kitu moja ao mbili?"

"Iko moja, mama."

"Basi mupatie jina moja!"

Nilimkuta mzee akipalilia maharage nyuma ya nyumba yake. Hakutaka kusikia. "Siku ya examen watamuandikia 'namba ya juu'? Watamuandikia numérateur!"

"Lakini kule hakuna ubao, Papa. Mutoto hawezi kuinua mukono atuulize. Iko na sauti yetu tu."

Tulibishana mpaka mvua ikatuingiza ndani. Mwishowe tulipatana: neno la mtihani ndilo litumike, lifafanuliwe mara ya kwanza, na baada ya hapo lisibadilike kamwe. Kila somo lianze vilevile, libebe jambo moja na zoezi moja, na tunyamaze kidogo kabla ya kutoa jibu. Mfano nao ukawa uleule: jibini la mviringo la Masisi, fromage kama tunavyoiita huku, likikatwa vipande. Tulifuta rekodi zote tukaanza upya. Mzee alinung'unika, lakini alirekodi.

Kisha mtandao ukakatwa. Mfanyabiashara kutoka Butembo, ambaye dukani kwake tulichaji simu, alitia masomo kwenye kadi za memori akawapa madereva wake waliokwenda Walikale, upande wa Kibua. Kwenye kizuizi kimoja, mwenye bunduki alimnyang'anya dereva kadi, akaitia katika simu yake, akasikiliza sauti yangu. "Huyu mama anakata fromage tu!" alisema, akairudisha.

Mapigano yalipoingia Mweso, tulikimbia na sisi. Tulirekodi desimali kambini, chini ya hema, mvua ikipiga juu, mzee akipaza sauti kama yuko mbele ya darasa zima. Jirani mmoja aliuliza kama tumepata wazimu. Mzee alimwambia anyamaze, tuko kazini.

Mtihani ulipofanyika hatimaye, binti wa Kibua alipita. Wengine walianguka, na wengine hatukuwapata tena. Hao bado wananiuma. Mama wa binti huyo alinipigia kwa furaha, lakini hakukawia kwenye shukrani.

"Sasa mwalimu, iko na mudogo wake," alisema. "Mwaka wa tano muko na masomo gani?"

Hatukuwa nayo. Nilimwambia yanakuja, kisha nikaenda kumwamsha mzee.