Sentensi ya Dada Mtu

Jumanne, tarehe kumi na mbili Juni. Rasharasha tangu alfajiri.

Fundi saa alipenda filamu za maisha ya watu wa kweli, ila kila uwongo aliouona humo aliuandika daftarini kwa wino mwekundu. Uliomchefua zaidi ni ule wa mama kufia mikononi mwa mwanawe. Siku hiyo alikuwa akiandika wasifu wa mama yake, aliyekata roho peke yake, yeye akiwa sinema.

"Andika alikufia mikononi," dada yake alisema.

"Nitasema kweli."

"Haya, sema, kaka. Wajomba wakutafune mzimamzima."

Aliandika alivyoambiwa.

Kesho yake asubuhi aliisoma sentensi ya dada yake mbele ya jeneza bila kukwama. Wote walilia isipokuwa yeye.