Papa, Ubao Wake na Mbega wa Mlimani

Ile asubuhi bado naiona, mwanangu, ingawa sasa mimi mwenyewe nimepumzika kazi ya ualimu na nywele zangu zimekuwa nyeupe. Mvua za mwisho zilikuwa zinamalizika. Majani ya malisho juu ya kijiji chetu, upande wa Ngungu, yalikuwa marefu na yamelowa, na baba yangu mzazi alikuwa anateremka mlima akiwa ameketi juu ya ubao, nami nyuma yake nimemshika kiuno, nikipiga kelele.

Kaa vizuri nikueleze, maana jambo hili lina mizizi.

Papa, kama tulivyomwita baba, alikuwa mtu wa chukudu. Wewe umekulia mjini lakini umeziona: kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, ambacho wanaume wa Masisi hupakia viazi na kabeji na kushuka navyo mpaka barabara kubwa. Kushuka ndiyo iliyokuwa kazi yake ya maisha. Magoti yalipochoka akampa jirani chukudu yake, akasema basi, sasa napumzika.

Lakini mtu aliyezoea njia hakai. Wahenga walisema heri kwenda bure kuliko kukaa bure. Papa akaanza kupanda mlima asubuhi na fimbo yake, mpaka pale malisho yanapokutana na msitu, akaketi juu ya jiwe na kuangalia wanyama. Juu kule kulikuwa na mbega, wale kima weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani. Kulikuwa na kulukulu, ndege anayeonekana wa kijani mpaka afungue mabawa, hapo unaona wekundu wote aliokuficha. Siku nyingine sokwe walisikika mbali, upande wa bondeni.

Kupanda hakukumsumbua. Kushuka ndiko kulikomtesa magoti, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo, bila kumwuliza mtu, alichonga ubao wa kalitusi, akauinua mdomo wa mbele, akaupaka mafuta ya ng'ombe chini, na nyuma akapigilia kipande cha mpira wa gari cha kukanyaga kwa kisigino, kama breki ya chukudu. Akapanda kwa miguu, akashuka kwa ubao. Kiangazi kikiingia ng'ombe humaliza majani, ardhi inakauka, ubao hausogei tena. Ndiyo maana msimu wa mvua hakutaka kupoteza hata asubuhi moja.

Kaka yangu mkubwa, Bauma, alikuwa na kazi ya ofisi Goma. Habari zikamfikia huko. Akaja.

"Papa, hii iko haya," alisema. "Muzee wa rika yako anateleza mu majani sawa mutoto! Watu wananicheka."

"Magoti iko yangu ao yako?"

"Yako, Papa."

"Basi uache nijue namna ya kuyabeba."

Lakini Bauma alikuwa kifungua mimba, na siku zile ndiye aliyetulisha. Alinunua kiti kizuri cha plastiki, akakiweka mlangoni, na ubao akaupandisha juu ya dari ya jikoni. Papa hakupenda ugomvi. Akakaa.

Mwanangu, sikujua kwamba kiti kinaweza kumla mtu. Miguu yake ilianza kuvimba. Alisinzia mchana, usiku akakosa usingizi. Aliacha kuuliza habari za jirani. Tulimpelekea chakula, akakiangalia tu. Mama alikuwa akisema, "Mwenye nyumba iko, lakini nyumba iko peke yake."

Wakati huohuo posa yangu ilikuwa njiani. Nilikuwa nimekubaliana na Amani, kijana wa Walikale tuliyesoma naye ualimu, na watu wake walitoa habari kwamba wanakuja. Msemaji wao alikuwa mjomba wake, Muzee Bulambo, mwindaji aliyejulikana kule msituni.

Asubuhi ya wageni, Bauma alimvalisha Papa koti na kumkalisha pale mlangoni. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha aliingia jikoni, akatoka na ubao, akauweka miguuni pake.

"Uende juu," alisema. "Wageni watafika saa sita. Siwezi kuwaonyesha maiti yenye kuvaa koti."

Bauma aliona uso wa Mama, akasogea pembeni.

Papa aliniomba nimsindikize. Tulipanda polepole, tukipumzika mara nyingi, maana kiti kilikuwa kimemnyang'anya nguvu. Juu kwenye jiwe tuliketi. Mbega walikuwepo. Mama mmoja alikuwa na kichanga, na unajua mtoto wa mbega huzaliwa mweupe mwili mzima, kama pamba. Majike wengine walimpokea mmoja baada ya mwingine, wakamshika, wakamrudisha kwa mama yake.

Papa alininong'oneza, "Unaona? Hakuna mwenye kulea peke yake." Yalikuwa maneno yake ya kwanza marefu tangu wiki nyingi, nami nikalia kimyakimya, nikijifanya ni baridi.

Tukashuka. Kumbe wageni walikuwa wamewahi. Ubao uliposimama chini ya malisho, mbele yetu walikuwepo Muzee Bulambo, Amani na mbuzi wao wamefungwa kamba, wote wakitutazama. Nilikuwa na majani mpaka kwenye nywele. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Bokilo," Bulambo alimwita Papa, akitumia neno la wakwe, "unatoka wapi?"

"Kwa mbega."

"Iko mingi?"

"Wanatosha."

Tuliingia nyumbani, wakala, mazungumzo yakaenda vizuri. Mwishoni Bulambo akaweka kijiko chini. Alieleza kwamba wao ni Wakristo, ila ukoo wake bado unashika desturi moja: bibi arusi anapopokelewa, mzee wa nyumba huvaa ngozi ya mbega. Kwao mbega wameadimika. "Unionyeshe tu pahali wanalala. Nitachukua moja, si mbili."

Papa alinitazama, kisha akamtazama mgeni wake.

"Binti nakupa, maana yeye mwenyewe amekubali. Mbega siwezi kukupa. Siyo yangu. Wananiachaka niwaangalie, ndiyo vile tu."

Bauma akaingilia haraka. "Papa anacheka na wewe tu, Muzee. Tutakuonyesha."

"Sicheki," alisema Papa.

Bulambo alishukuru kwa chakula, akasimama, akaaga kwa heshima zote. Wakaondoka, na mbuzi wakaondoka nao. Amani aligeuka mara moja njiani. Sikuweza hata kumpungia mkono. Bauma alisema Papa ameniuza kwa kima. Nilikuwa na hasira, mwanangu, na pia nilikuwa na fahari, na viwili hivyo haviketi vizuri katika tumbo moja.

Siku zilipita. Kisha Amani akarudi kwa pikipiki, matope mpaka mabegani, na ujumbe wa mjomba wake. Bulambo alikuwa amesema hivi: "Yule muzee alikuwa na sababu yote ya kunifurahisha, lakini hakutoa kitu cha wengine. Mutoto aliyelelewa mu nyumba ile, mumulete."

Na Bulambo mwenyewe alikuja, bila mkuki. Alipanda na Papa mpaka kwenye jiwe. Wakati wa kushuka alidai naye aonje ubao, wakapinduka wote wawili katikati ya malisho, wakalala pale chali wakicheka mpaka Mama akadhani wameumia. Arusi ilifungwa kanisani, na kule Walikale mzee wa nyumba alinipokea akiwa amevaa shati jeupe tu, bila ngozi.

Papa alipata misimu mingine mingi ya mvua. Alifariki kitandani pake, ugonjwa mfupi, akiuliza habari za kila mtu. Baadaye vita vilitutoa, tukahamia Mweso, na mlima ule sijaupanda tena. Kama mbega bado wapo, sijui. Naomba wawepo.

Nasaha yangu ni hii. Mzee wako akipumzika kazi, usimpumzishe na uhai. Aibu yako wewe isiwe kamba ya kumfunga yeye. Nawe siku yako ya kupumzika ikifika, tafuta kitu cha kukuamsha asubuhi, hata kama watu watacheka. Kicheko chao hakivunji mfupa. Na usiahidi kamwe kisicho chako, hata kama anayekuomba ameshika furaha yako mkononi.

Nenda sasa. Mungu akulinde barabarani, akupe nyumba yenye sauti, na watoto wako wakuulize habari hata siku ambayo hutakuwa na jino.