Kiti cha Shangazi Chérie

Hebu niambie: simu yako imekosa nini hata ukaifunga kama maiti?

Gracien aliwauliza hivyo wateja wake kila siku ya Mungu, pale kibandani kwake kando ya soko la Mulongwe, na hakuwa akitania. Kazi yake ya kwanza ilikuwa viatu. Alishona kandambili na kubandika soli mpaka pikipiki zilipoujaza mji wa Uvira na kila mwenye pikipiki akataka simu yake ikae mbele ya macho. Ndipo akaanza kutengeneza kava na vishikio vya simu kwa mipira ya ndani ya tairi, mabidoni ya njano, yale madumu ya mafuta, na kandambili zilizokwisha kufa. Alikuwa na mikono mizuri na mdomo mbaya. Watu waliuvumilia mdomo kwa ajili ya mikono.

Na mdomo huo ungekuwaje mzuri? Mama mmoja anakuja, anataka mfuko wa simu wa kitambaa kizito usio na tundu hata moja, vumbi lisiingie. Gracien anamweleza kwamba lile tundu dogo la chini ndilo mdomo wa simu. "Mama, ukiziba pale, watu watakusikia kama uko ndani ya pipa." Mama anasonya, anasema fundi mvivu ndiye anayeacha matundu. Anashonewa alivyotaka. Kesho yake amerudi, amefura: dada yake aliyeko mji wa Baraka hamsikii, fundi ameharibu simu! Kijana naye anafungia simu kwenye usukani wa pikipiki kwa kamba ya kiatu, anaruka mashimo yote ya barabara ya Kalundu, simu inaanguka kwenye dimbwi, na wa kulaumiwa ni Gracien, eti kwa nini hakumkataza. Alikuwa amemkataza. Mtaa mzima ulisikia akimkataza.

Mafundisho yake aliyatoa bure, kwa kelele. Mpira wa tairi ukate kwa upana upate pete, maana utepe uliokatwa kwa urefu hulegea. Uoshe ule unga mweupe kwa sabuni, la sivyo simu itateleza. Pete mbili zikipishana mgongoni zinashika pembe zote. Bidoni likate kwa kisu kilichopashwa moto, ukingo usimchane mtu. Ukitaka simu isimame mezani, kandambili moja inatosha: ipasue mshazari, simu iegemee nyuma kama mtu aliyeshiba. Na mgongo wa simu uache wazi, kwa sababu simu nayo hupata homa. Hilo la mwisho alilipigia kelele kuliko yote, na ndilo lililosikilizwa kidogo kuliko yote. Sisi ndivyo tulivyo. Kitu kikija ndani ya boksi lenye maandishi tusiyoweza kuyasoma, tunakiamini. Kikitoka mkononi mwa jirani, tunakicheka.

Sasa, Gracien alikuwa na kaka, Gaspard, anayekaa mtaa wa Kasenga, na Gaspard alikuwa na binti, Noella. Noella alichumbiwa na Héritier, kijana wa Katogota kule bondeni Ruzizi. Mahari ilikuwa tayari, siku ikapangwa, wakwe wakafika. Kumbe siku ile ile Shangazi Chérie, dada yao Gaspard na Gracien, alikuwa ameangushwa na pikipiki huko Bujumbura na kuvunjika mguu. Na katika ukoo wao mahari haipokelewi mpaka shangazi, masenge kama tunavyomwita hapa, amemuuliza msichana mbele ya wote kama anawajua watu hawa. Bila mdomo wa masenge hakuna ndoa. Wakwe wakarudi Katogota na mbuzi wao. Njiani, wanasema waliokuwemo ndani ya gari, msemaji wao Mzee Itangishaka aligeuka kuwatazama wote. Kisha akasema: "Tutarudi mara moja tu. Nyumba inayorudisha wageni mara mbili haitaki wageni."

Kwa hiyo safari hii ilikuwa leo au basi, na Noella alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Shangazi bado yuko kitandani Bujumbura, lakini simu ina uso siku hizi. Emery, kaka yake Noella, alikuwa na tableti kubwa. Wakafanya majaribio, Emery ameishika mkononi. Shangazi Chérie aliona kidevu cha Emery, kisha mawingu, kisha kuku.

"Weye Emery, minye niko mugonjwa wa muguu, si wa macho!" akafoka. "Sitaongea na bakwe nikiwa ndani ya mukono unaotetemeka. Munipe kiti kama batu!"

Ndipo kazi ikamwangukia Gracien, naye akaipokea kwa kiburi chote cha fundi anayedharauliwa. Alitaka wote waone. Akachonga miguu mitatu ya mkaratusi, mirefu, imara. Juu yake akafunga mikono miwili ya bidoni la njano, akaivisha mpira ili isiteleze. Shida ilikuwa kava. Emery alikuwa ameivalisha tableti yake kava nene la kung'aa, lenye maua ya dhahabu mgongoni.

"Livue," Gracien akamwambia. "Lile jua la uwanjani litaipika."

"Baba mudogo, hii imetoka Dubai."

"Na jua la Uvira limetoka wapi?"

Emery alikataa katakata. Gracien akaipanua mikono ya bidoni ili kava lienee, huku akilaani viwanda vyote vya dunia.

Siku ikafika. Wakwe waliketi chini ya turubai, lakini pale walipoketi mtandao ulikuwa unakatika, ikabidi tableti iwekwe mbele kidogo, juani. Gracien akaisimamisha pale juu ya miguu yake mirefu, akarudi nyuma, akasubiri sifa.

"Ninaona vipara," ikasema sauti ya Shangazi Chérie. "Kile cha kaka Gaspard ninakijua. Kile kingine kinachong'aa ni cha nani?"

Kilikuwa cha Mzee Itangishaka, aliyekuwa amevua kofia kwa heshima. Wasichana wakaficha nyuso zao katika vitenge. Mzee akavaa kofia polepole, akainuka.

"Kwetu Katogota, anayepokea wageni anakaa chini pamoja nao. Huyu masenge amesimama juu ya vichwa vyetu kama polisi wa barabarani. Tumekuja kuoa ao tumekuja kukamatwa?"

"Mzee, hii ni tableti!" Gracien akalipuka. "Ni kioo na waya! Haisimami, haikai! Nimeiweka juu ili ione!"

Kisha mama yake Gracien, Nyanya Sidonie, akasema bila kuinua sauti: "Kama si mutu, mwanangu, hawa wametoka Katogota kuongea na nani?"

Gracien akaitazama ile miguu mitatu. Alikuwa ameifikiria miguu, mpira, mwelekeo wa jua, kila kitu. Hakufikiria kwamba dada yake anakuja. Akaomba msumeno. Mbele ya wakwe wote, akiwa na suruali yake ya sherehe, akapiga magoti akaikata miguu yake mizuri ya mkaratusi, na kila aliyepita akampa ushauri. Kata zaidi. Usikate sana. Ule wa kushoto umezidi. "Ule wa kushoto uko sawa!" akanguruma. Haukuwa sawa. Akaukata tena.

Nyanya Sidonie akaleta kiti cha plastiki, akakisimamisha kile kishikio juu yake, akakizungushia kitenge kipya na kukifunga fundo mbele. Sasa uso wa Shangazi Chérie ulikuwa sawa na nyuso za wazee waliokaa.

"Ah," akasema shangazi. "Sasa ninawaona batu. Karibuni, bakwe. Muguu unanikataza kusimama, lakini moyo umesimama."

Mzee Itangishaka akavua kofia tena. Salamu zikaenda na kurudi, zikarefuka kama zinavyorefuka siku kama hizo. Jua nalo halikuwa na adabu yoyote. Noella akaitwa, akaja na kupiga magoti mbele ya kiti, macho chini.

"Noella, mwanangu," shangazi akaanza. "Hawa batu unabajua?"

"Ninabajua, masenge."

"Tukikula vyabo, hautatuletea haya kesho?"

"Hapana, masenge. Mukule."

"Basi mimi, masenge yako, ninasema..."

Kioo kikawa cheusi.

Mbuzi mmoja akalia nyuma ya nyumba. Mzee Itangishaka akainuka, na safari hii kofia ilikuwa kichwani tayari.

"Mara ya kwanza muguu," akasema. "Mara ya pili uso. Amefunga mlango. Tumesikia."

"Hajafunga mlango, ni homa!" Gracien alikwisha kuruka. Akaishika tableti, nusura aitupe: ilikuwa ya moto kama kiazi kilichotoka majivuni. Hapo ndipo angewanyonga watu wote wa mji huu mmoja mmoja. Gaspard alikuja mbio na beseni la maji. "Tuitie humu!" Mwingine akaita barafu. Mwingine akasema ipigwe kofi mgongoni, redio yake hupona hivyo.

"Asiiguse mutu! Maji? Gaspard, unataka kumzamisha dada yako?"

Akalikamata lile kava la Dubai kwa kucha, akalibandua. Emery akalia kama aliyechunwa ngozi. Gracien akaipeleka tableti barazani kivulini, akailaza juu ya mkeka, kifudifudi. Wanawake wakamzunguka. Nyanya Sidonie akaketi, akachukua ungo, akaanza kuipepea. Wifi zake wakachukua pindo za vitenge vyao, nao wakapepea, wakiinama na kunong'ona kama wanavyofanya kwa mtu aliyezimia kanisani. Hakuna aliyecheka. Noella alikuwa bado amepiga magoti mbele ya kiti kitupu, peke yake juani, na hakuna aliyethubutu kumwinua, maana swali lilikuwa bado halijafungwa.

"Mzee," Gracien akasema, akimgeukia Itangishaka, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa na moto. "Ukaage kidogo. Mugonjwa akizimia katikati ya neno, tunasema amekataa?"

Mzee alimtazama Noella kwa muda mrefu. Akakaa. Kofia akaiweka gotini.

Wanaume wakaisogeza turubai mpaka ikakifunika kiti. Tableti ikapoa, ikawaka. Lakini bila kava ilikuwa nyembamba, ikacheza ndani ya mikono ya bidoni kama jino bovu. Gracien akatafuta kandambili ya kukata. Watu wote, kwa siku ile, walikuwa wamevaa viatu. Akavua chake, kiatu cha sherehe chenye soli ya mpira, akachomoa kisu, akakata vipande viwili kisiginoni, akavikaza huku na huku. Tableti ikatulia, na Emery akapiga simu upya.

"Munanizima katikati ya neno!" Shangazi Chérie akapiga kelele kabla hata uso wake haujatokea sawasawa. "Minye ninaongea, ninaongea, kumbe ninaongea na ukuta! Nani amenizima?"

"Kava ya Emery," wakajibu wanawake kwa sauti moja.

"Emery, nitakuja na magongo. Noella! Uko wapi?"

"Niko hapa, masenge."

"Bado umepiga magoti?"

"Bado."

Sauti ya shangazi ikashuka. "Basi mimi, masenge yako, ninasema: kaka Gaspard, pokea. Bakwe, mutoto ni wenu."

Vigelegele vikapasua Kasenga. Noella akainuka, magoti yamejaa mchanga, akakishika kile kiti kwa mikono miwili kama angekumbatia, kisha akakumbuka homa ya tableti, akakiachia. Watu wakala, wakanywa. Kila aliyepita akataka kuongea na Shangazi, kumwonyesha sahani yake, kumwonyesha mtoto. Gracien akapiga kelele kwamba chaji inakwisha. Nani alimsikia? Ilipofika zamu ya Mzee Itangishaka kuaga, alisimama mbele ya kiti, akasafisha koo, akasema, "Masenge, sisi wageni wako...," na chaji ikaisha. Mzee akabaki na sentensi yake mkononi. Akaondoka bila kumaliza, akaenda kulala kwa ndugu zake mtaa uleule.

Gracien alirudi kwake akichechemea, kiatu kimoja kizima na kingine hakina kisigino, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia asante.

Asubuhi iliyofuata alirudi Kasenga kuchukua kishikio chake. Alikuwa amekwisha kupanga matusi. Alijua watakuwa wamekiacha nje kwenye umande, na ndivyo ilivyokuwa: alipofika kwenye ua wa matete alikiona pale uwanjani, juu ya kile kiti cha plastiki, kitenge kimelowa, mikono ya bidoni mitupu. Tableti Emery alikuwa ameingia nayo ndani. Wenye nyumba walikuwa bado wamelala. Akavuta pumzi ya kuwaamsha wote kwa pamoja.

Ndipo akamwona Mzee Itangishaka akiingia kwa upande wa barabara, peke yake. Nje gari la Katogota lilikuwa likipiga honi, lina haraka. Mzee hakuitazama nyumba. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya kiti, akavua kofia, akainama kidogo.

"Masenge," akasema. "Jana ulikatika. Sisi wageni wako tunakwenda. Tumekula, tumeshiba. Mutoto wako tutamutunza. Muguu upone."

Akangoja, kama mtu anavyongoja jibu. Honi ikalia tena. Mzee akageuka kuondoka, kisha akarudi. Fundo la kitenge lilikuwa limelegea kwa umande. Akaweka kofia chini ya kwapa, akalifungua, akalifunga upya, akalikaza vizuri, akaenda zake.

Nyuma ya matete, Gracien alikuwa bado ameishika ile pumzi.