Wimbo wa Mapigo Saba

Niliporudi nyumbani watu waliniuliza nimeleta gari gani. Nimeleta ufundi. Leo bendi za mjini kwetu zinaniletea nyimbo nizipangie mapigo na sauti, na sioni haya kusema hakuna anayezipanga kunishinda. Stashahada ya muziki niliipata hapa. Kazi yenyewe nilijifunza Dubai, kwa mwanamke Mserbia.

Alikuwa mwimbaji katika hoteli moja Bur Dubai. Kwao aliwahi kuvuma redioni, na nyimbo nyingine nyingi aliwapangia wenzake, sifa wakapata wao. Kazi zilipopungua alihamia Ghuba, akaanza upya kwa kuimba nyimbo za watu huku wageni wakila. Mimi nilikuwa mlinzi wa ghala mtaa wa Al Quoz. Niliposikia mpiga kinanda wake ameondoka, nilimwendea na cheti changu mkononi. Alikisoma, akanirudishia.

"Vizuri. Sasa piga."

Akanichukua kwa majaribio. Nikifaulu, hoteli itanihamishia viza; nikishindwa, narudi getini.

Wiki hiyo alikuwa amemshawishi meneja amruhusu kuimba, Ijumaa, wimbo mmoja wa kwao alioupanga mwenyewe. Kila mzunguko wake ulikuwa na mapigo saba. Mimi nimekulia kwaya ya kanisani, ambako mapigo huenda manne manne, na waimbaji wakikatisha, mpiga kinanda hujaza pengo. Basi mazoezini, kila mzunguko nikajaza pigo la nane, tena kwa mbwembwe.

"Mwalimu," mpiga ngoma, Mkenya, akaniita, "unatupeleka wapi? Sisi tumefika, wewe bado uko njiani!"

"Wimbo una kasoro," nikajibu. "Pigo moja limesahaulika."

Mwimbaji akausimamisha muziki. "Nimeupanga mimi, na sikusahau kitu. Kwetu bibi harusi anaucheza huu na viatu virefu. Wewe umekaa kwenye kiti, unajikwaa? Kesho ukiniongezea tena, natafuta mwingine. Khalas."

Ndani ya basi la kampuni nilijipiga mapajani njia nzima nikihesabu saba. Sikukubali hata kufikiria kurudi getini. Asubuhi, kwenye mgahawa tulikokuwa tukinywa chai walinzi wote, nilikuwa bado nahesabu mapigo kwa vidole, zamu yangu ya kuagiza ilipofika. Nikaagiza yangu na ya mwenzangu:

"Chai, chai, chapati."

Mkono wangu ukasimama hewani. Silabi mbili, mbili, tatu. Saba! Nikarudia kwa sauti mpaka mhudumu akafikiri namharakisha.

Mazoezini nilipiga nikinong'ona maneno hayo. Mkenya akayasikia.

"Buda, umekuja na njaa?" Akacheka, lakini fimbo zake zikayafuata, na wimbo ukakaa sawa.

"Mnasema nini?" mwimbaji akauliza.

"Kifungua kinywa, madam."

Hakucheka. Alifumba macho, akasikiliza mizunguko miwili, mitatu, kisha akaingia na sauti ambayo kwenye zile nyimbo za watu sikuwahi kuisikia.

Ijumaa wageni waliacha vijiko. Watu wa kwao waliokaa meza moja walisimama, wakashikana mikono na kucheza. Mmoja alikuwa analia. Sikuongeza pigo hata moja. Wimbo ulipoisha, mwimbaji alikuja mpaka kwenye kinanda changu, jasho likimtiririka.

"Jumatatu uje na pasipoti ofisini."

"Ninayo mfukoni, madam," nikamwambia.