Mwanamke anayeusikiliza mji wa Likasi kutoka chini

Saa moja na nusu asubuhi, maduka ya mtaa wa zamani wa Likasi, kusini-mashariki mwa Kongo, hayajafunguliwa yote, na Christiane Kabedi tayari ameshusha miguu ndani ya shimo la mfereji. Anakaza kamba kiunoni, anawasha tochi ya kichwani, kisha anamgeukia Déogratias, fundi mwashi mstaafu aliyeshika ncha ya pili.

“Nikivuta mara mbili, weye unanivuta mbio,” anamwambia. “Udongo ya leo siipendi.”

Anainama na kutoweka. Kamba inaserereka polepole mikononi mwa mzee, inasimama, inaserereka tena.

Chini ya mtaa huu kuna njia za matofali zilizojengwa enzi za ukoloni wa Wabelgiji, mji ukiitwa Jadotville, za kupitishia maji ya mvua na nyaya. Baadaye zilizibwa kwa kuta, nyumba zikaongezwa juu yake, na waliozijua wakaondoka. Wapo wanaosema Wazungu walificha shaba humo. Christiane, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, hajaona hata kipande. Yeye anatafuta mahali dari inapokaribia kuanguka.

Kuzibua mifereji humpa faranga elfu kumi na tano kwa siku, kazi ikipatikana. Hii ya kutembea chini hailipwi na mtu.

Ilianza Februari. Aliitwa kuzibua mfereji nyuma ya nyumba moja ya zamani ya biashara. Maji yalikuwa yakiingia kwenye ufa na hayarudi. Alibomoa matofali matatu, akakuta njia ambayo mtu anaweza kupita akiinama.

“Nilisema, acha nione yanaenda wapi,” anakumbuka. “Nikahesabu hatua. Kwenye mia moja na makumi ine, nikasikia batoto banasoma juu ya kichwa yangu. Saba mara nane, saba mara tisa. Kila neno nilisikia.”

Aliinua mkono akagusa dari. Tofali likamwangukia kiganjani, na mchanga mbichi ukafuata.

Alikwenda shuleni vilevile, tope likimchuruzika. Mlinzi alimzuia getini hadi wakati wa mapumziko. Mkurugenzi wa shule, Georges Kalombo, anakiri kwamba hakumwamini.

“Nilimwambia, mama, shule hii ina zaidi ya miaka sabini,” anasema Kalombo. “Akanijibu, ‘Papa Direkta, na chini iko na miaka yake. Kuja tu usikie.’”

Kalombo alivua koti akamfuata. Walipofika mahali pale, alisikia sauti ya Mwalimu Philomène juu yao, ikimkataza mwanafunzi aitwaye Plamedie kuzungumza darasani.

“Nilitamani kumwita,” anasema. “Halafu nikaogopa hata kukohoa.”

Mchana ule alihamisha wanafunzi hamsini na wawili wa darasa lile hadi kwenye jengo la kanisa jirani. Likaja gumu zaidi: kungoja. Siku tano zikapita, sakafu imetulia. Siku ya saba wazazi walikuja na hasira, wakiuliza kwa nini watoto wao wanasomea kwenye mabenchi ya kanisa kwa sababu ya mzibua mifereji.

“Banasema miye ni muchawi, ama nataka kuchimba madini chini ya shule,” anasema Christiane. “Na miye mwenyewe nilianza kujiuliza: kama nilikosea?”

Kalombo aliwaahidi wazazi kwamba Jumatatu watoto wangerudi.

Jumapili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Waumini wakiwa bado kanisani, walisikia mshindo. Katikati ya darasa lile pakawa na shimo, na safu tatu za madawati zikawa chini. Hakuna aliyeumia.

Mtu angedhani hapo Christiane angepumzika. Imekuwa kinyume. Miaka kumi na sita iliyopita, kaka yake Michée alifukiwa na udongo akichimba madini nje ya mji. Christiane alikaa ukingoni siku tatu akisikiliza.

“Siku ya kwanza nilimusikia. Hakuna muntu alikuja na jembe ya kutosha,” anasema, kisha anakung’uta tope kwenye buti muda mrefu. “Sasa nikipita mu barabara, miguu inaniuliza: chini kuko nini? Kukaa siwezi.”

Amekwisha kutembea njia nne. Anakisia kuna saba nyingine, na mvua za kwanza zimebakiza kama wiki tatu tu. Anachora kila anapopita kwenye daftari, na Kalombo humnakilia ramani kwa mwandiko unaosomeka ili aipeleke manispaa. Mara mbili Christiane ameambiwa huko arudi baadaye.

Leo, baada ya saa nzima, kamba inavutwa mara mbili. Déogratias anamtoa. Christiane hakai chini. Anaonyesha nyumba ya rangi ya manjano ng’ambo ya barabara: dari ya njia imepasuka chini ya chumba chake cha upande wa kushoto. Mwenye nyumba alimfukuza juzi alipokwenda kumwonya.

“Sitaki babomoe nyumba. Sitaki bahame,” anasema, akifungua kamba kiunoni. “Nataka tu babebe kitanda, balale upande ya kuume. Leo tu. Kesho nitabaomba tena.”

Anavuka barabara na kubisha hodi.