Mguu wa Baba

Jina la Pasi alipewa na baba yake, kwa sababu mikono yake haikuwahi kupoa. Alikuwa akipiga pasi kwenye duka la dobi, na akirudi nyumbani jioni, mgongo wa mzee unamsubiri aukande. "Mtoto huyu ana dawa viganjani," mzee anasema, na mama mtu anaitikia. Basi mzee alipofariki, Pasi akaamua kuufanya ukandaji kuwa kazi yake. Akajiandikisha chuo cha masaji, miezi tisa, cheti mwishoni.

Mwezi wa nne wa masomo mambo yakaharibika. Mwalimu wao, nesi mstaafu asiyecheka ovyo, alichora mguu ubaoni. "Mtu amelala kitandani siku nyingi. Mguu mmoja umevimba, una joto, unauma. Huo hukandi! Huenda damu imeganda humo ndani. Ukiukanda, damu ile inaweza kung'oka, ikapanda mpaka kwenye mapafu, na mtu akafa papo hapo."

Wenzake wakaandika. Pasi naye akaandika, lakini mawazo yake yalikuwa kwa baba yake. Mzee alikuwa ameanguka bafuni, akalala wiki tatu. Mguu wa kushoto ukavimba, ukawa wa moto. Pasi akaukanda kwa mafuta, mzee anaguna kwa raha, "Hapo hapo, mwanangu." Kesho yake asubuhi akashika kifua, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshakata roho. Watu wakasema ni moyo. Chini ya mchoro wa mwalimu, Pasi aliandika: Baba. Mguu wa kushoto. Ni mimi.

Jamani, hofu ile! Mtihani haukumtisha hata kidogo. Alimwogopa mama yake, mama huyo huyo anayewasimulia majirani kwamba mzee alikwenda akiwa ameburudishwa na bintiye. Akijua, atamtazama kwa jicho gani? Daftari akalificha chini ya godoro. Chakula akawa anakula ameinama. Mara mbili alitaka kuacha chuo, na mara zote mbili akaogopa kuulizwa kwa nini.

Siku ya mtihani wa vitendo akapangiwa nini? Miguu! Aliyejitolea kukandwa alikuwa mama mmoja muuza duka, mnene, mcheshi. Pasi akamhoji kwanza: umesafiri karibuni? Umelazwa? Unavimba? Akapima shavu la mguu huu kwa futi ya fundi cherehani, akapima la ule, akaweka kiganja kusikiliza joto, akapima tena. Jasho linamtoka.

"Binti, unanikanda au unanishonea suruali?" yule mama akauliza, na wasimamizi wakaangua kicheko.

"Kanda sasa," mwalimu akamwambia. Akakanda, kwa mikono ambayo siku hiyo ilikuwa ya baridi. Akafaulu.

Cheti kilipotoka, mama alikipokea, akakisoma chote mpaka kwenye mhuri, akakiweka mezani. Halafu akaketi kwenye kochi, akanyoosha mguu.

"Nikande."

Pasi akarudi nyuma. "Si leo, mama. Nimechoka."

"Daftari lako nililiona nikitandika. Yapata miezi mitano sasa."

Siku aliyoiogopa muda wote huo ndiyo hiyo imefika, na mlango uko mbali.

"Siku ile ulitoka kazini," mama akaendelea, midomo inamtetemeka. "Ukaniambia, mama, mguu huu siupendi, tumpeleke hospitali kwanza. Nani alikujibu acha uvivu, mkande baba yako, kama si mimi? Tangu nilisome daftari lile, roho yangu iko juu juu. Naogopa siku utakayolikumbuka hilo."

Pasi hakuwa amelikumbuka. Kweli kabisa, lilikuwa limemtoka. Alimtazama mama yake, akaona mwanamke aliyekuwa akila ameinama upande wa pili wa meza ile ile, na yeye asimwone.

Akapiga magoti. Akaweka kiganja kwenye shavu la mguu mmoja, kisha la mwingine, akalinganisha joto.

"Mama, unavimba?"

"Sivimbi."

"Umelala kitandani siku nyingi?"

"Mwanangu," mama akasema, "tangu baba yako aondoke, nani amelala katika nyumba hii?"